Saa Iliyopika Uji

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, kunja miguu, mwenzako naye apate pa kukaa. Masikio yako wapi? Hayo hapo. Basi twende.

Juu ya kilima cha Lusungwe kuna shule. Kuta zake ni za matofali mekundu. Mwezi wa sita huko ni baridi, acheni tu! Asubuhi meno yanagongana: ka-ka-ka-ka!

Katika shule hiyo alisoma mtoto mmoja. Jina lake Subilaga. Alikuwa darasa la pili.

Wiki hiyo, Subilaga hakuonekana shuleni. Jumatatu hayupo. Jumanne hayupo. Jumatano, hayupo.

Alikuwa na matubwitubwi. Mashavu yalimvimba huku na huku, utadhani amebania maandazi mawili mdomoni. Usicheke, wewe. Yanauma hayo!

Alhamisi asubuhi akajishika mashavu. Maandazi yamekwisha!

"Mama, nimepona!"

"Haya, nenda shule. Lakini polepole, mwanangu. Usikimbie."

"Ndiyo, Mama," akasema Subilaga. Halafu akakimbia. Tu-tu-tu-tu-tu!

Njiani akawakuta wenzake. Huyu ana ukuni begani. Yule ana ukuni kichwani. Mwingine anauburuta wake chini, kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Shule ile ina desturi yake. Kila mtoto huja na ukuni mmoja asubuhi. Kuni hizo ndizo zinazopika uji wa saa nne. Kuni hamna, uji hamna.

Subilaga akasimama. Akatazama mkono wa kulia. Mtupu. Akatazama mkono wa kushoto. Mtupu!

"Mama yangu wee! Nimesahau ukuni!"

Kurudi nyumbani? Mbali. Na pale mlangoni mwa jiko, nani kasimama? Bibi Sekela, mpishi wa shule. Ana mwiko mrefu. Sauti yake ni ndefu kuliko mwiko.

"Mkono mtupu haulambwi!" alikuwa akisema. "Ukuni kwanza, uji baadaye! Mkono mtupu haulambwi!"

Husema hivyo kila siku, kwa kila mtoto. Niwaambie siri? Bibi Sekela hajawahi kumnyima mtoto uji, hata siku moja. Lakini Subilaga hakulijua hilo.

Akatafuta ukuni kando ya uzio. Hakuna. Akatafuta chini ya mparachichi. Hakuna. Uwanja umefagiliwa, unang'aa, hata njiti ya kiberiti huioni.

Akazunguka nyuma ya darasa. Lo!

Kijiti hicho! Kimesimama wima, peke yake, katikati ya uwanja. Kimekauka vizuri. Kimenyooka vizuri.

"Nani huyu kasahau ukuni wake hapa?" akajiuliza Subilaga.

Chini palikuwa na mawe matatu meupe. Subilaga hakuyatazama. Mtu amechelewa, atatazama mawe ya nini?

Akakishika kijiti. Akatikisa. Tiki-tiki-tiki. Akavuta. Nnnnn... chwap! Kikatoka.

"Shikamoo, Bibi Sekela."

"Marahaba, mjukuu wangu! Umepona? Ebu nione mashavu. Eh, na ukuni wenyewe huu! Mkavu huo! Umeleta ukuni kweli leo."

Bibi Sekela akauvunja kwa goti. Kwa! Akausukuma mafigani. Moto ukaupokea kwa furaha. Pa! Pa! Pa!

Subilaga akaenda darasani anatabasamu. Maskini, hakujua.

Ngo! Ngo! Ngo!

Hiyo ni kengele. Kengele ya shule ile ni ringi la gari, limening'inizwa kwenye mti. Ukiligonga kwa chuma, hata ng'ombe wa bondeni wanainua vichwa.

Ni saa mbili. Mwalimu Kissa akaingia darasani. Yeye ndiye mwalimu wa sayansi.

Mwalimu Kissa hakupenda kukaa ndani. Habari za maji, aliwafundishia mtoni. Habari za mbegu, aliwafundishia shambani. Watoto walirudi nyumbani na matope hadi magotini, na mama zao walisema, "Mwalimu huyu! Sabuni anatununulia yeye?"

"Karibu tena, Subilaga," akasema Mwalimu Kissa. "Umekosa jambo kubwa wiki hii. Darasa la pili tumetengeneza saa."

"Saa? Ya ukutani, Mwalimu?"

Darasa zima likacheka. "Ya ukutani ilishakufa zamani! Yetu iko nje! Haina betri! Haina hata mishale!"

"Twende tukamwonyeshe," akasema Mwalimu.

Wakapanga mstari. Wakatoka wakiimba. Nusu waliuliza, nusu walijibu:

*"Kivuli, kivuli, umefika wapi?"*
*"Nimefika jiweni. Kengele pigeni!"*

Subilaga naye akaimba. Wimbo mzuri, miguu inataka kucheza. Wakapita kona ya darasa.

Wimbo ukakatika.

Kijiti hakipo. Kumebaki shimo. Shimo dogo tu, linawatazama.

"Kijiti chetu!" akalia mtoto mmoja. "Kijiti cha saa yetu!"

Moyo wa Subilaga ukapiga. Du! Du! Du!

"Kijiti gani?" akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

Wakamweleza wote kwa pamoja, kelele tupu. Mwalimu Kissa akainua mkono, akamwambia Gwakisa aseme peke yake. Gwakisa ni mvulana mwenye pengo mbele, na akisema neno lenye "s", linapiga mluzi.

"Jumatatu tulisimika kijiti," akasema Gwakisa. "Jua likawaka, kijiti kikatoa kivuli. Kengele ya saa mbili ilipolia, tukaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Hili hapa. Kengele ya uji, tukaweka jiwe la pili. Kengele ya kwenda nyumbani, la tatu."

"Halafu?"

"Halafu Jumanne kivuli kikarudi kwenye mawe yale yale! Na Jumatano pia! Kivuli hakidanganyi!"

"Na kesho Mwalimu Mkuu anakuja," akadakia mwingine. "Amesema tukimtajia saa ya uji kwa kivuli, bila kuangalia saa ya mtu, darasa la pili ndio tutakuwa wapiga kengele!"

Ooo! Kupiga lile ringi! Nani asiyetaka? Mimi mwenyewe nataka.

"Tuweke kijiti kingine," akasema mtoto wa mbele.

Mwalimu Kissa akatikisa kichwa. "Kijiti kirefu, kivuli kirefu. Kijiti kifupi, kivuli kifupi. Tunataka cha urefu ule ule, ndipo kivuli kifike kwenye mawe yetu. Kilikuwa na urefu gani?"

Watoto wakatazamana. Hakuna aliyejua.

"Hatukukipima," akasema Mwalimu Kissa. "Kosa hilo ni langu."

Ndipo sauti moja ikatoka nyuma. "Ni Gwakisa! Jumanne alikichezea, akaambiwa aache!"

"Ndiyo! Ni Gwakisa!"

"Si mimi!" akasema Gwakisa. "Haki ya Mungu, si mimi!" Machozi yakamjaa.

"Hatumsemi mtu ambaye hatukumwona," akasema Mwalimu Kissa. Watoto wakanyamaza. Midomo ilinyamaza, lakini macho yalimtazama Gwakisa upande upande.

Du! Du! Du!

*Sema, Subilaga, sema.*
*Nitasema. Lakini si sasa hivi.*

Wakarudi darasani. Wakaandika hesabu. Subilaga akaandika mbili jumlisha mbili, sawasawa na tisa. Mnaona? Kichwa hakipo.

Moshi wa jikoni ukaingia dirishani. Subilaga akaunusa. Akajua moshi ule ni wa nini. Pa! Pa! Pa! ulilia moto kule jikoni.

*Sema, Subilaga, sema.*
*Nitasema. Lakini si sasa hivi.*

Ngo! Ngo! Ngo! Saa nne. Uji!

Watoto wakashika vikombe. Bibi Sekela akamimina. Uji wa ulezi, wa moto, una sukari, una karanga. Siku ya baridi, uji kama ule unapasha mtu joto hadi kwenye vidole vya miguu.

Subilaga akapiga funda moja. Haupiti. Akajaribu tena. Haupiti!

"Ni matubwitubwi?" akauliza rafiki yake.

"Hapana," akasema Subilaga.

Akatazama kule ukutani. Gwakisa amekaa peke yake. Hakuna aliyekaa naye. Kikombe chake kimejaa hadi juu, na uji umeshaganda utando.

Hapo Subilaga hakuweza tena. Akasimama. Akaenda hadi kwa Gwakisa.

"Gwakisa, twende kwa Mwalimu."

"Kufanya nini? Si mimi!"

"Najua si wewe."

"Umejuaje?"

"Twende tu."

Mwalimu Kissa alikuwa mlangoni mwa jiko, anakunywa uji na Bibi Sekela. Subilaga akavuta pumzi. Akafumba macho. Akasema yote kwa mkupuo mmoja:

"Mwalimu ni mimi nilikuwa na matubwitubwi nikasahau ukuni nikaona kijiti nikadhani ni ukuni nikaking'oa nikampa Bibi Sekela na kimepika uji na siyo Gwakisa!"

Akafumbua jicho moja. Bibi Sekela alikuwa anatazama mafiga. Halafu akatazama sufuria. Halafu akatazama kikombe chake.

"Kumbe!" akasema Bibi Sekela. "Yaani leo shule nzima tumekunywa saa?"

Mwalimu Kissa akataka kukaza uso. Uso ukakataa. Uji ukampalia. Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. Gwakisa naye akacheka, pengo lote nje. Kwe-kwe-kwe-kwe!

Subilaga akacheka huku analia. Mmewahi kucheka huku mnalia? Pua inatoka kamasi, lakini kifuani ni raha. Kifua chake kikawa chepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Mwalimu Kissa akamfuta machozi. "Uliogopa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona umesema?"

"Gwakisa hajanywa uji wake."

Mwalimu Kissa akamshika bega. "Basi njoo, uwaambie na wenzako."

Akawaambia. Watoto wakamgeukia Gwakisa, wakatazama chini.

"Samahani, Gwakisa."

"Samahani, Gwakisa."

"Mmh," akasema Gwakisa. "Nitawasamehe. Lakini mnipishe, uji wangu unapoa." Bibi Sekela akammiminia mwingine wa moto, hadi ukamwagika pembeni.

Na Bibi Sekela akapiga mwiko kwenye sufuria. Ka! Ka! "Na mimi nina langu! Nimemnyima nani uji mimi? Mtoto akisahau ukuni, aje aniambie, Bibi Sekela, nimesahau. Basi! Kesho ataleta miwili. Mwiko huu wa kukorogea, siyo wa kumla mtu!"

Watoto wote wakashusha pumzi. Haaaa. Kumbe si Subilaga peke yake aliyekuwa akiuogopa ule mwiko.

Lakini saa bado hawana! Na kesho ni Ijumaa.

"Tuna kengele moja imebaki leo," akasema Mwalimu Kissa. "Saa sita, kivuli kinatakiwa kuwa kwenye jiwe la tatu. Leteni vijiti. Kijiti ambacho kivuli chake kitafika jiweni, hicho ndicho urefu wetu."

Wee! Watoto wakatawanyika kama vifaranga.

"Kilikuwa kirefu kama jembe!"

"Hapana, kama ufagio wa chelewa!"

"Kama mbuzi akisimama!"

"Mbuzi yupi? Mbuzi wa kwenu au wa kwetu?"

Saa sita ikakaribia. Mwalimu Kissa akatoa simu mfukoni, akaitazama. "Sasa! Upesi, kivuli hakingojei mtu."

Gwakisa akasimika kijiti chake. Kivuli kikalipita jiwe.

"Kirefu mno!" wakasema watoto.

Mwingine akasimika chake. Kivuli hakikufika.

"Kifupi mno!"

Kingine. "Kirefu mno!" Kingine tena. "Kifupi mno!" Kingine kilikuwa kimepinda, na kivuli chake kikapinda vilevile, watoto wakacheka hadi wakakaa chini.

"Ngoja nijaribu," akasema Subilaga. Akachukua kijiti, akasogea, akasimama pale pale juu ya shimo ili akielekeze vizuri.

"Subilaga!" Gwakisa akapiga kelele. "Usitikisike!"

"Nimefanya nini tena?"

"Usitikisike! Tazama chini!"

Subilaga akatazama. Kivuli chake kimelala mchangani. Miguu ya kivuli iko shimoni. Na kichwa cha kivuli? Kichwa, kilichonyolewa vizuri, kimekaa juu ya jiwe la tatu. Twi!

Hakikulipita. Hakikupungua.

"Ni sawa na kijiti!" wakapiga kelele watoto. "Subilaga ni sawasawa na kijiti!"

Mwalimu Kissa akaweka mikono kichwani kwa furaha. "Haya, kijiti changu, simama hapo hapo! Bibi Sekela, panga!"

Bibi Sekela akaja mbio na panga na mwanzi mkavu. Wakausimamisha mwanzi kando ya Subilaga. Wakatia alama kwenye utosi wake. Wakaongeza kipande cha kuingia shimoni. Kwa! Kwa! Kwa! Ukakatwa.

Safari hii waliupima. Walipima kwa shibiri za Subilaga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Shibiri nane! Mwalimu akaandika ubaoni, na kwenye daftari, na Gwakisa akaandika kwenye mkono wake kabisa.

Kisha wakaupaka chokaa, ukawa mweupe pe! Ili hata mtoto mwenye haraka, mwenye baridi, aliyesahau ukuni, ajue huu si wa jikoni.

"Mwalimu," akauliza Subilaga. "Kesho kivuli kitafika kwenye jiwe la uji?"

"Mimi naamini kitafika," akasema Mwalimu Kissa. "Lakini kuamini ni jambo moja, kuona ni jambo jingine. Tutaona kesho."

Ijumaa kukapambazuka. Subilaga akatoka nje. Lo, jamani!

Ukungu! Mweupe, mzito. Humwoni jirani, humwoni mbuzi, huioni hata njia.

Na ukungu ukishuka, jua liko wapi? Halipo. Jua likikosekana, kivuli kiko wapi? Enhe, mmejibu wenyewe. Hakipo!

Ngo! Ngo! Ngo! Saa mbili. Darasa la pili wakazunguka mwanzi wao.

*"Kivuli, kivuli, umefika wapi?"*

Kimya. Kivuli hakikujibu.

Saa tatu. Ukungu bado. Mwalimu Mkuu akaja, mikono nyuma, koti limefungwa vifungo vyote. Simu yake ilikuwa mfukoni, hakumwonyesha mtu.

"Haya, darasa la pili," akasema. "Saa yenu inasemaje?"

"Inasema tusubiri, Mwalimu Mkuu," akajibu Gwakisa.

Wakasubiri. Wakapuliza vidole. Fuu, fuu. Wakarukaruka. Subilaga akatazama juu, akanong'ona, "Jua, jua, tafadhali. Chungulia kidogo tu."

Upepo ukaja. Vuuu. Ukungu ukasogea. Vuuuu. Mti ukaonekana. Paa la jiko likaonekana. Mbuzi akaonekana, mee!

Na mchangani kikatokea kitu. Chembamba. Chepesi. Kama mstari wa penseli. Halafu kikakolea.

"Kivuli!"

Ncha yake ilikuwa bado mbali kidogo na jiwe la uji. Kivuli cha asubuhi hufupika kidogo kidogo, huku kinajivuta kwenda jiweni.

Subilaga akalala kifudifudi, jicho karibu na mchanga. Akasahau kabisa kwamba sare yake ni safi.

"Sasa?" akauliza Gwakisa.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado vidole viwili."

"Sasa?"

"Bado kidole kimoja. Ngoja. Ngoja..."

Darasa zima likashika pumzi. Hata Bibi Sekela alisimama na mwiko hewani, uji unadondoka chini. Toni, toni.

Ncha ya kivuli ikaligusa jiwe.

"SASA!" akasema Subilaga.

Mwalimu Mkuu akatoa simu mfukoni. Akaitazama. Akakunja uso. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, maana miwani ameiacha ofisini.

Du! Du! Du!

"Saa nne," akasema Mwalimu Mkuu. "Saa nne kamili!"

Haaaaaa! Pumzi zote zikatoka kwa pamoja. Watoto wakakumbatiana. Mwalimu Kissa akafunika uso kwa kanga, wakajua anafuta machozi, ingawa alisema ni moshi.

Mwalimu Mkuu akachukua kile chuma cha kugongea kengele. "Wapiga kengele wa shule, darasa la pili! Nani ataanza?"

Watoto wote wakamtazama Subilaga. Akapewa chuma. Kilikuwa kizito, na baridi, na kizuri.

Subilaga akakishika kwa mikono miwili. Alikitaka sana, msidhani hakukitaka. Halafu akageuka.

"Gwakisa aanze," akasema. "Jana wote tulimtazama vibaya."

Gwakisa akakodoa macho. Akafuta mikono kwenye kaptula. Akachukua chuma, akajinyoosha kwa vidole vya miguu.

Ngooo!

Shule nzima ikatoka mbio na vikombe. Gwakisa akamrudishia Subilaga chuma. Ngooo! Kisha mwingine. Ngooo! Siku hiyo kengele ya uji ililia mara arobaini na moja, na ng'ombe wa bondeni hawajui mpaka leo kulikuwa na nini.

Uji ulipita? Eee, ulipita! Subilaga alikunywa vikombe viwili, akaramba na cha pili.

Jioni, Mama alimsugua goti, alimsugua tumbo, akaifua ile sare. "Mwalimu huyu!" akasema Mama. "Leo amewalaza chini kabisa!" Subilaga akamweleza yote, tangu ukuni hadi kengele.

Kisha akapanda kitandani. Mama akamfunika blanketi hadi kidevuni.

"Na kama ungenyamaza?" akauliza Mama.

Subilaga akafikiri.

"Labda tungepata kijiti kingine," akasema. "Lakini Gwakisa angebaki pale ukutani."

Mama akambusu shavu, lile lililokuwa limevimba. Subilaga akapiga mwayo, aaauu. Kabla Mama hajafika mlangoni, alikuwa amelala fofofo.

Na nyie sasa mwende mkalale. Ila kwanza, yuko mtoto hapa ana neno limemkaa kifuani? Njoo uninong'oneze sikioni. Sifoki.

Enhe. Umelisema? Haya, lala salama.